Viganja Viwili Juu ya Tairi

Nyaboke ametoka sasa hivi kuchomeka viganja vyake viwili, kimoja juu ya kingine, kati ya tairi ya nyuma ya gari ya babu yake na madigadi. Amekimbia mpaka hapa mlangoni kuniambia, "Mama, bado vinaingia vyote." Kisha amejipangusa matope kwenye leso yangu na kurudi kupima tena. Ana miaka minne. Hii kazi nimempa mimi, na anaifanya kwa moyo kuliko mtu mzima yeyote wa boma hili.

Leo ni Jumapili, saa tisa hivi mchana. Mvua imekatika. Hapa kwetu Manga ikikatika namna hii huwa inapumzika tu, jioni inarudi. Mimi pia niko hivyo leo. Sijalia, lakini sijamaliza.

Nimeketi kizingitini na simu, naandika. Viganja viwili vikiingia, gari imesimama. Kikiingia kimoja tu, gari inalala, na mimi kesho siendi Keumbu.

Wacha nianze mwanzo, maana nimenyamaza siku mbili na imenikaa kifuani.

Sikusoma sana, niliacha shule kidato cha pili. Lakini kabla sijaolewa niliuza spea miaka mitatu pale Keumbu, kwenye kibanda cha mama mdogo, kilichogusana ukuta na gereji ya Fundi Ombati. Wateja wakipungua nilikuwa navuka kwa Fundi kumshikia tochi. Baada ya tochi nikashika spana. Baada ya spana akawa ananiachia nati za ndani, zile mkono wake mnene haufiki. Mwezi uliopita nilienda kumsalimia mama mdogo, nikamweleza Fundi habari ya gari ya mzee, yaani baba mkwe wangu. Ni ile gari kubwa iliyotoka Japani, yenye shoku za upepo. Jioni unaiacha imesimama vizuri, asubuhi unaikuta imeketi kwa matako kama ng'ombe mwenye shibe.

Fundi alicheka. Akasema, "Hiyo ni mifuko ya mpira imechoka. Badilisha mwenyewe huko nyumbani. Ikisimama Jumapili nzima, Jumatatu uje na ovaroli nikuandike kazi."

Nilitembea kutoka hapo kama mtu aliyebebwa.

Baba Nyaboke, mume wangu, alikubali. Alisema mwenyewe akinywa chai, gari ikisimama niende. Mzee hakuulizwa. Lakini tunaishi kwa boma lake, na gari ni yake, na hiyo mifuko mipya aliagiza yeye Nairobi. Ikiharibika mkononi mwangu, sioni mtu atakayenifungulia lango niende kuharibu za wengine.

Kwa wasiojua, gari kama hii nyuma haina springi ya chuma. Ina mifuko miwili ya mpira, mmoja kila upande, na kipampu kidogo kinachoijaza upepo. Mpira ukizeeka unapasukapasuka pale unapojikunja, kama kisigino wakati wa jua. Nilimwagia ya zamani maji ya sabuni, ikatoa povu pande zote mbili. Hakukuwa na la kubishania.

Tulianza Ijumaa asubuhi. Baba Nyaboke aliinua kwa jeki, tukapanga magogo chini ya chesisi, tukazuia tairi za mbele kwa mawe. Mimi nikalala juu ya gunia nikaingia chini. Upande wa kulia ulimalizika kabla ya chakula cha mchana, na nilikula nikiwa na njaa nzuri, njaa ya mtu aliyefanya kitu.

Kwenye kazi hii kuna jambo moja ambalo Fundi alinikariria mpaka nikachoka. Mfuko mpya haukaliwi na gari ukiwa mtupu. Unawasha gari ikiwa bado juu ya magogo, pampu inaujaza, ndipo unashusha pole pole. Ukishusha kabla haujajaa, mpira unajikunja vibaya, na pale ulipojikunja ndipo utakapopasukia. Nilimwambia Baba Nyaboke asubuhi. Nikamwambia tena tukiwa upande wa kulia. Akasema, "Nimesikia, mwalimu."

Upande wa kushoto ulikuwa na kutu. Kile kishikizo cha juu kilinichezea mpaka saa kumi na moja. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa jua likizama spana inawekwa chini, hata kama umebakisha nati moja. Nilikuwa naliangalia jua kwa uwazi mdogo kati ya tairi na ardhi.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi langoni.

Mzee alikuwa amerudi mapema kutoka kituo cha majani chai. Na kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Yeye hakanyagi nyumbani mwangu, na mimi siwezi kuonekana nimelala mbele ya macho yake, hata kama nimelala chini ya gari yake na grisi shingoni. Ni aibu ambayo ingetukalia wote wawili. Yeye anajua, mimi najua. Ndiyo maana alisimama palepale langoni, akageukia majani chai, akakohoa mara ya pili. Alikuwa ananipa nafasi ya kutoka.

Nilitoka kwa kutambaa. Bomba la upepo nilikuwa nimeshalichomeka, likalia ile sauti yake ndogo ya kushika. Ilibaki kurudisha tairi na kuwasha gari ijaze. Nilipita mbele ya Baba Nyaboke nimeinama, nikamnong'oneza, "Washa kwanza." Nikakimbilia nyuma ya jikoni.

Alirudisha tairi. Hiyo niliisikia. Halafu sikusikia injini. Nikasikia magogo yakiburutwa, kisha jeki ikishuka.

Alitaka baba yake akifika uani akute gari imesimama kwa miguu yake na mwanawe ana spana mkononi. Sijui kama aliona haya kukutwa amesimama huku mkewe ndiye aliye chini ya gari, ama ni jua lilimharakisha. Labda yote mawili. Gari ilishuka, upande wa kulia ukakaa, upande wa kushoto ukaendelea kushuka mpaka ukagota.

Jikoni yetu ni ya mabati. Kila kitu kinasikika.

Mzee akauliza, "Imekuwaje tena?"

Baba Nyaboke akamjibu baba yake, "Ni huyu mke wangu, tata. Yeye ndiye aliniambia iko tayari."

Nilikuwa nimeshika kipande cha sabuni, nanawa mikono. Nilikishika mpaka kikapasuka. Na sikutoka. Heshima iliyonitoa chini ya gari ndiyo hiyohiyo ilinifunga nyuma ya jikoni, kwa sababu mke hatoki akamkanusha mume mbele ya baba yake, uso wake ukiwa na mafuta na leso imefungwa kiunoni kama kuli.

Jua likazama. Sabato ikaingia. Mpira mpya ukakaliwa na gari hivyo, umekunjwa, mpaka leo asubuhi, na Sabato nzima hakuna mkono ulioruhusiwa kuugusa.

Jana tulienda kanisani kwa miguu. Jirani mmoja alikuwa amepita kwa njia akaiona, na baada ya ibada akamwambia mzee mbele ya watu, "Ndugu mzee, kwenu hata gari inapiga magoti Sabato. Mmeilea vizuri." Watu wakacheka. Mzee alitikisa kichwa tu. Tulipofika nyumbani, mama mkwe akipakua matoke akaongeza yake: "Mwanamke akiacha mwiko akashika spana, gari nayo inaona haya inalala." Hakusema kwa ubaya, mama huyu ana mdomo wa utani kwa kila mtu. Hata mimi mwaka juzi nilimcheka alipoanguka na ndoo.

Lakini Baba Nyaboke alicheka pia.

Wacha nikiri kitu ambacho sijamwambia mtu. Ijumaa, pale gari ilipogota chini, kabla uchungu haujanishika, nilifurahi. Kidogo sana, kama kupepesa jicho. Nilifurahi kwamba hakunisikia na gari imemwonyesha. Kisha nikakumbuka Jumatatu ni yangu mimi, si yake, na furaha ikaniganda mdomoni.

Leo asubuhi mzee alivaa koti lake, akasimama katikati ya uwanja ameelekea majani chai, akasema kwa sauti kubwa, "Mimi naenda Nyaramba kuangalia ndama. Sirudi kabla ya saa tisa." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kuku ndio walikuwa karibu naye. Miaka mitano nimeolewa hapa, sijawahi kumsikia akitangaza safari. Akapanda boda boda akaenda.

Nilichukua gunia langu.

Baba Nyaboke alikuja bila kuitwa, akainua jeki, akapanga magogo. Tulifanya kazi kama watu wawili waliokodiwa na matajiri tofauti. Mpita njia mmoja akasimama kwenye uzio akamuuliza, "Baba Nyaboke, umeiamsha hiyo ng'ombe?" Mimi nilikuwa chini, miguu yangu iko nje, huyo mtu anaiona.

"Tunajaribu," akasema.

Nilikunjua ule mpira kwa vidole, taratibu, kama unavyokunjua mkono wa mtoto mchanga aliyefumba ngumi. Palikuwa na mstari pale ulipojikunja, mweupe kidogo, mrefu kama kidole changu. Nikasema awashe. Safari hii aliwasha. Mpira ukavimba. Nikaupaka maji ya sabuni kwenye ule mstari, nikatazama mpaka macho yakaniuma. Hakukutoka povu. Nikapaka tena, nikatazama tena. Kisha nikamwambia ashushe, na gari ikabaki juu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tangu hapo Nyaboke anapima.

Mchana Baba Nyaboke aliniletea mahindi ya kuchoma, laini, aliyoyachagua mwenyewe. Akayaweka kando yangu akaenda zake. Nimeyala, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu bado nampenda. Najua yale mahindi yalikuwa yanataka kusema nini. Lakini mahindi hayawezi kwenda kwa mzee yakamwambia kilichotokea Ijumaa.

Hicho ndicho kinaniuma, zaidi hata ya kusingiziwa. Ikilala ni yangu. Ikisimama itakuwa yake. Mzee atarudi aikute imesimama, atampiga mwanawe bega, na kesho nikiomba kwenda gereji ataambiwa yule mke aliyeangusha gari Ijumaa anataka kwenda kuangusha za Keumbu. Kwa hiyo hata viganja viwili vikiingia mpaka kesho asubuhi, bado naweza kubaki hapa nikichuna majani chai.

Ovaroli nimeshaifua. Ni ya zamani, ya Fundi, nimeipunguza miguu. Iko kwenye kamba nyuma ya nyumba, imefichwa na mashuka.

Nimewaza nitume maneno kwa mama mkwe. Atayapokea, lakini atayatia chumvi. Nimewaza nimwachie Baba Nyaboke aseme mwenyewe, na nimemngoja tangu Ijumaa jioni, kupitia Sabato nzima, kupitia mahindi. Mtu atangoja mpaka lini? Nyaboke naye ananiangalia. Siku moja atakuwa na kitu chake mkononi, na atafanya kama alivyoona mama yake akifanya. Sitaki aone nyuma ya jikoni.

Kwa hiyo nimeamua. Nitasimama wima, nitafunga leso vizuri, nitaangalia chini kama inavyopasa, na nitasema. Sitamtukana mume wangu. Nitasema tu jinsi kazi ilivyokuwa, hatua kwa hatua, na mwenye kuelewa ataelewa.

Boda boda imesimama langoni. Mzee ameshuka. Leo hajakohoa, ameona nimeketi.

Ameizunguka gari. Sasa ameinama nyuma. Anamuuliza Nyaboke anafanya nini hapo, na Nyaboke anamwonyesha viganja. Mzee ameingiza chake, kimoja tu, maana ni kinene, kimejaa.

"Nani alikufundisha kupima?"

"Mama."

Baba Nyaboke ametoka nyumbani anajipangusa mikono kwa kitambaa, mikono ambayo haina mafuta. Mzee hajamtazama. Amegeukia majani chai, kama Ijumaa, kama leo asubuhi, na sasa ndiyo nashangaa ile saa tisa alikuwa anamtangazia nani.

"Mama Nyaboke."

Ni mimi anayeniita. Hajapitia kwa mtoto, hajapitia kwa mume. Vidole vinakosea herufi. Nataka nimalize kuandika kwanza kwamba nimeogopa, ili nikisoma siku nyingine nijue niliogopa na bado

Ameita tena. Anasema nije na maji ya sabuni, nimwonyeshe pale mpira ulipojikunja, kisha nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe, yeye akiwa ameangalia huko, Ijumaa ni nani aliyeshusha jeki kabla