Kipande Kimoja Kifunike Mkate

Harlan Creek, Ohio
9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nyonga inasemaje? Sisi huku tunapumua. Boyd anaota jino, kwa hiyo nyumba nzima hatulali, na Maisie naye ameamua kwamba mtu wa miaka minne hahitaji kuvaa viatu.

Barua yako ya mistari minne nimeipata. Unasema hutaki kuja kukaa kwangu. Eti nina watoto wawili, mume wa lori anayekuja nyumbani kama mgeni, na mimi mwenyewe sijawahi kumaliza nilichoanza. Halafu ukaniwekea sharti, nadhani ukicheka: nikuze nyanya kama zile za mama, kipande kimoja kifunike slesi nzima ya mkate, ukingo hadi ukingo, kabla Septemba haijaisha. Nikiweza, unakuja. Nikishindwa, tarehe mosi Oktoba unasaini chumba cha kudumu hapo kituo cha wazee na mimi nisikusumbue tena.

Nimekubali, baba. Barua yako nimeibandika kwenye friji, usije ukasema hukuandika.

Mbegu ninazo. Mwaka juzi, wiki ile ya mazishi, niliikuta nyanya ya mwisho ya mama dirishani. Nikazikamua mbegu zake juu ya karatasi ya jikoni zikakauka. Leo nimezipanda kwenye makopo ya mtindi.

Binti yako,
Kendra

Columbus
21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga ipo, inatabiri mvua kuliko redio. Usinipigie simu, unajua siisikii, andika tu. Jana walituletea nyanya za dukani, nyeupe ndani, zina ladha ya maji ya bomba. Nikazirudisha.

Mbegu za mama, umesema? Haya. Zipe mwanga, usimwagie maji majanini.

Lakini usijichoshe. Mtoto ananyonya, nawe hulali. Ukiachia njiani hakuna atakayekulaumu, hata mimi.

Baba yako

Harlan Creek
2 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini unakula. Watoto wazima.

Baridi ya mwisho ilipopita nikatoa miche kumi na miwili nje. Boyd mgongoni, jembe mkononi, siku mbili, kwa sababu kila shimo la tatu alitaka kunyonya. Jana Bi Opal wa jirani akachungulia juu ya ua.

"Miche ya nani hiyo?"

"Ya mama. Mbegu nilizikamua mwenyewe."

"Ulikamua? Kwenye nyanya chotara, za mbegu ya kuchanganywa?" Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Ee binti! Mama yako alinunua miche mipya kila masika pale duka la chakula cha mifugo. Mbegu ya chotara haimfuati mama yake. Hapo utavuna ndugu kumi na wawili wasiofanana, wengine kama gololi. Kwani baba yako hakukwambia?"

Baba, miaka thelathini ulimchimbia mama mashimo ya hizo nyanya. Mwezi wa tatu nilikuandikia wazi nilichopanda.

Ulijua?

Kendra

Harlan Creek
16 Juni

Baba,

Shikamoo hata hivyo. Wiki mbili sasa, hakuna barua. Muuguzi anasema unaacha nusu sahani na unatazama ukuta. Mimi pia nina ukuta wa kutazama, lakini nina nepi za kubadilisha.

Swali langu halijapoa. Na miche siing'oi.

Kendra

Columbus
23 Juni

Kendra mwanangu,

Nilijua.

Niliposoma barua yako ya Machi nilifurahi, kisha nikaona aibu, kisha nikaandika ile habari ya mwanga na maji. Nilitaka ushindwe kwa kosa dogo, usilie sana, nami nibaki huku. Mwaka jana nilipoanguka bafuni ulininyanyua peke yako ukiwa na mimba ya miezi saba. Uso wako ule sijausahau. Nikaapa hutaninyanyua tena.

Lakini kukwambia humalizi unachoanza, halafu nikakuficha njia ya kumaliza, hiyo si haki. Mama yako angenifukuza hadi kwenye banda.

Sasa sikiliza, bado hujachelewa. Nenda duka lile lile. Mwisho wa Juni hubaki miche ya chotara iliyorefuka ikapinda, hakuna anayeitaka. Chagua wenye shina nene. Usiusimamishe: chimba mtaro, ulaze, ufukie shina lote, ubakize majani ya juu tu. Pale ulipolala utaota mizizi. Vichipukizi vya kwapani, kati ya shina na jani, vunja vyote. Ukizaa, bakiza nyanya mbili, nyingine zote toa zikiwa changa. Itakuuma. Mama yako alilia kila mwaka. Maji kila asubuhi, kwa kipimo. Ukiukausha kisha ukaumwagia ndoo, nyanya itapasuka.

Sharti ni lile lile. Sikupunguzii.

Baba yako

Harlan Creek
11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nilikaa na hasira siku tatu, kisha sikuwa na nafasi nayo tena. Boyd anatambaa.

Mche niliupata, mmoja tu, nyuma ya magunia. Muuzaji akasema, "Chukua bure, dada. Huo umeshakufa."

Nikamwambia, "Haujafa, umechoka tu. Mimi naijua tofauti."

Nikaulaza kama ulivyosema. Kila asubuhi, kabla sijanywa kahawa, naupa maji kwa kikombe cha kupimia unga. Vichipukizi anavunja Maisie, kwa ukali kabisa. Nyanya changa saba nilizitoa mwenyewe. Ndiyo, nililia, lakini siku hizi nalia hata soksi ikipotea.

Zilibaki mbili. Halafu Travis akarudi na lori lake Jumapili, akanihurumia, akanisaidia: ndoo mbili kwa mpigo. Moja ikapasuka toka bega hadi kitako. Amesimama pale na ndoo, anauliza, "Nimefanyaje?" Nimemsamehe, ila si siku ile.

Imebaki moja.

Ile miche kumi na miwili ya mama nayo imezaa. Bi Opal alisema kweli: nyingine kama yai, nyingine kama gololi, shina moja limetoa za manjano. Hakuna hata moja ya kufunika biskuti. Maisie anazila akiwa amezikusanya kwenye fulana. Anaziita wajukuu wa bibi. Sikumsahihisha.

Binti yako,
Kendra

Harlan Creek
24 Septemba

Baba,

Shikamoo. Redio imetangaza baridi kali kesho, kwa hiyo leo asubuhi nimeichuma. Niliibeba kwa mikono miwili na Boyd akanililia wivu.

Nikachukua slesi ya mkate mweupe wa kawaida, ule ule wa mama. Nikaiweka juu ya karatasi hii nikaizungushia penseli, kisha nikakilaza kipande cha katikati cha nyanya ndani ya mchoro. Doa unaloliona ni maji yake. Mbegu mbili zimeganda hapo, ziache.

Tazama kona ya juu kulia. Imebaki wazi, upana wa ukucha wa dole gumba.

Bi Opal alikuwepo. "Futa, chora mkate mdogo kidogo. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Mimi." Baba, tulishafichana vya kutosha mwaka huu.

Chumba cha chini nimekipaka rangi tangu Julai, na Travis amefunga vyuma vya kushikilia bafuni, viwili. Amua mwenyewe. Ila lile neno la kwamba simalizi nilichoanza, usinitamkie tena.

Kipande tumekila watatu, kwa mayonezi na chumvi.

Binti yako,
Kendra

Columbus
29 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wenye meno na wasio nayo.

Mchoro wako nimeupima kwa rula. Nikamwita muuguzi naye apime. Ni kweli, kona imebaki.

Lakini ile kona ni ganda. Mimi ganda la mkate sili tangu magego yang'oke. Mama yako alilikata kila siku kabla ya kuniwekea sahani. Kwa mkate ninaoula mimi, umefunika ukazidisha.

Karatasi ya chumba sijasaini. Njoo Jumamosi. Kwenye gari, katikati ya viti vya watoto, niachie pa kunyoosha mguu.

Na kama baridi imewabakiza wale wajukuu wa bibi, mwambie Maisie asiwamalize.

Baba yako