Saa tisa ya jikoni

Hjulsta, Alhamisi, Februari 1987

Theluji imerudi tangu asubuhi, ile nyepesi inayozungukazunguka hewani kama haijui pa kutua. Nimekaa mezani jikoni, koti bado liko mwilini, na saa ya ukutani iko sakafuni. Nitaeleza imefikaje huko. Kwanza niseme ukweli: naogopa. Naogopa tangu wiki juzi, na leo hofu imezidi.

Keshokutwa Rehema ana mtihani barafuni. Mwanangu ana miaka kumi, na mtihani wenyewe ukiutazama kwa mbali utauona mdogo. Anachora duara kwa mguu wa kushoto, kisha duara kwa mguu wa kulia, na katikati ya kila duara anageuka mara moja. Mgeuko huo Waswidi wanauita trea, yaani tatu. Unateleza ukitazama mbele, mguu mmoja tu chini, halafu mguu uleule unageuka na unaendelea kinyumenyume. Ukigeuka vizuri, chuma cha kiatu kinaacha alama ya namba 3 kwenye barafu, na majaji wanainama kuikagua, miwani puani.

Kwa mguu wa kushoto Rehema anaandika tatu safi kabisa. Kwa mguu wa kulia anaanguka.

Wiki juzi kidevu ndicho kilichotangulia. Alishonwa nyuzi nne. Mimi nimeuguza watu miaka mingi, damu si kitu kigeni kwangu, lakini sikuwa nimewahi kuiona damu ya mwanangu juu ya kitu cheupe namna ile. Tangu siku hiyo nikisikia tu chuma kikikwaruza barafu, nasimama. Naye anaogopa, ingawa hasemi. Kabla ya kugeuka anafumba macho.

Sasa nikiri. Nimeandika barua. Nimemwandikia Birgitta, mwalimu wake, kwamba Rehema hatafanya mtihani na hatarudi tena mazoezini. Niliiandika kwa Kiswidi, kamusi mkononi, siku mbili nzima. Imo kwenye mkoba wangu chini ya kibakuli cha chakula, na nilipanga kumkabidhi kesho. Rehema hajui. Anayejua ni dada Florence peke yake, Mganda wa ghorofa ya chini, naye hakunificha anachowaza.

"Mama Rehema, toa mtoto," aliniambia. "Hiyo barafu itakumalizia mtoto bure. Sisi watu ya jua, tunatafuta nini huko?"

Nilicheka, lakini maneno yale nililala nayo.

Shida ni kwamba Rehema anapenda. Shuleni ni mtoto wa kukaa nyuma na kunyamaza, mwalimu wa darasa kila mkutano ananiambia hivyohivyo. Akitoka barafuni anaongea bila kituo mpaka tunashuka Hjulsta, Kiswidi kitupu, mimi namjibu kwa Kiswahili, na abiria wanatutazama kama sinema. Nikimtoa kule nitakuwa nimemzima. Najua. Barua nikaiandika vilevile.

Hapo ndipo linapokuja daftari langu.

Mimi ni mama mwenye kimbelembele, nisijifiche. Nikimaliza zamu kwa wazee kule Sundbyberg nakimbilia ukumbi wa barafu, nakaa kwenye benchi na daftari mapajani, na kila anachosema Birgitta nakiandika. Birgitta anafundisha kwa saa. Anawaambia watoto wajione wamesimama katikati ya saa kubwa, wanatazama namba 12 mbele yao. Kwa mguu wa kulia, kabla mguu haujageuka, kifua kinatangulia kuelekea klockan tre. Mguu utakifuata. Basi, hakuna kingine. Mguu wa kushoto alishaujua kabla ya daftari, kwa hiyo nyumbani tunafanya wa kulia tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo mkono wangu unakimbia nayo. Jioni baada ya chakula Rehema anavaa soksi, anasimama hapa kwenye sakafu ya plastiki inayoteleza, nami nasoma daftari kwa sauti huku nikiosha vyombo. Nasoma, yeye anageuka, nasoma tena. Mgongo wangu kwake! Tangu Oktoba. Nilijiona kocha, hata nilimringia dada Florence kwamba mtoto ana walimu wawili.

Jumanne Birgitta alinivuta pembeni. Alisema haelewi, kwa sababu mtoto ana mizani nzuri na anasikia maelekezo, lakini akifika pale kwenye mgeuko ni kana kwamba kuna mtu mwingine anamvuta upande wa pili. "Labda ni woga," akasema. Nikaitikia haraka sana kwamba ndiyo, ni woga, nikaukumbatia mkoba wangu.

Leo nilitoka kazini mapema. Niliona kabla sijatoa barua, nimfanyie walau mazoezi ya mwisho ya maana, ili dhamiri isinisumbue. Nikaitungua saa ukutani, nikailaza sakafuni, nikamsimamisha upande wa namba 6 akitazama 12. Kwa mara ya kwanza sikumpa mgongo.

Nikasoma: "Mguu wa kulia. Kifua saa tisa."

Akageukia kushoto, kwenye friji.

"Rehema! Nimesema saa tisa!"

Akaniangalia, akaangalia chini, akanyoosha kidole gumba cha mguu, soksi na tobo lake, akakiweka juu ya namba. "Men mamma, det är ju nian." Mama, si ndiyo hii tisa?

Kidole kilikuwa juu ya 9. Nikaangalia daftari: saa tisa. Nikarudisha macho kwenye kidole. 

Birgitta alisema klockan tre, mshale ukiwa kwenye namba 3. Na kwetu klockan tre ni nini? Ni saa tisa, mtoto wa darasa la kwanza Morogoro anajua. Miaka minane mkono wangu umekuwa ukitafsiri hivyo bila kuniuliza. Zamu inaisha klockan tre, kichwani mwangu ni saa tisa, navaa koti naondoka. Lakini saa ya sakafuni haijui Kiswahili. Tatu yake iko kulia, tisa yake iko kushoto. Na Rehema sikumfundisha saa za kwetu. Treni ni ya Kiswidi, shule ni ya Kiswidi, daktari ni wa Kiswidi, nikaona rahisi kumtajia saa kwa Kiswidi, basi. Mtoto akisikia tisa, ni tisa.

Kila jioni, miezi minne, nilikuwa nakipeleka kifua chake kushoto huku mguu ukitaka kwenda kulia.

Yule mtu mwingine alikuwa mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema, kama Birgitta anasema tatu na mimi nasema tisa. Akapandisha mabega. Alidhani ni hatua mbili, akaniambia. "Först Birgitta, sen du." Kwanza Birgitta, halafu wewe. Mtoto alikuwa anajaribu kututii sote wawili kwa mguu mmoja.

Nilikaa sakafuni. Nikamshika kidevu, pale palipo na ule mstari wa waridi, nikamwambia mama amekosea. Nikamweleza kwamba kwetu jua likichomoza saa zinaanza kuhesabiwa, kwamba saa moja ni klockan sju, yaani 7, na kadhalika. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akacheka mpaka akaegemea friji, akauliza kama Tanzania nzima saa ni mbovu. Nikacheka nami, machozi yakapata kisingizio.

Akajitoa kwenye friji. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama anavyofanya akitaka nisimkwepe: "Sasa nisikusikilize tena?"

Nimeulizwa maswali mengi nchi hii, na maofisa wa kila aina. Hakuna lililonichoma kama hili.

"Barafuni msikilize Birgitta," nikasema.

"Na jikoni?"

"Jikoni nisikilize mimi. Nikisema kula, kula."

Tukajaribu. Kifua kwenye 3. Soksi ikazunguka, mguu ukafuata, akasimama amenipa mgongo, ametulia tuli. Macho wazi. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka majirani. Lakini tulirudia mara tano, na mara mbili alienda kushoto kabla hajawaza. Mwili umeshika alichofundishwa. Nimemfundisha miezi minne, zimebaki siku mbili.

Ndiyo maana nimekaa hapa, koti sijalivua tangu nirudi kazini. Barafu ile niliiogopa kwa sababu haikuwa yangu. Sasa akianguka Jumamosi, ni sauti yangu iliyomwangusha, na hilo sitaweza kumsukumia mtu. Na niandike na hili, maana nisipoliandika hapa sitaliandika popote: kwa dakika nzima nilifikiria kuitoa barua hivyohivyo. Ingefunika kila kitu. Birgitta angeamini ni woga, Rehema angesahau, na mimi ningebaki mama mwenye huruma.

Nimeifungia maganda ya viazi, imeenda kwenye taka.

Kesho nitamwambia Birgitta mwenyewe, kwa Kiswidi changu hikihiki cha kubabaisha. Sijui nitaanzaje. Utamwelezaje mtu wa hapa kwamba tatu ni tisa? Halafu nitakaa kwenye benchi mikono mifukoni, mdomo nimeufunga. Hilo nalo linanitisha, kuliko nilivyodhani.

Rehema aliniomba daftari na kalamu nyekundu, akaenda nalo chumbani kwake. Amelirudisha sasa hivi, akaliweka mezani, akaondoka. Amepita ukurasa kwa ukurasa. Kila saa tisa ameikata, juu yake ameandika 3 kubwa. Ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika muda wa mtihani: Jumamosi, saa nne asubuhi. Hiyo hakuikata. Pembeni yake ameandika 10, na chini yake, kwa Kiswahili chake chenye herufi za kulala: "Sawa mama?"

Nimehesabu kwa vidole. Nimehesabu tena. Nikaiokota saa sakafuni, nikahesabu juu ya uso wake, kidole juu ya namba, mara ya tatu.

Sawa, mwanangu. Hii umepata.