Shingo ya Mugure

Zeddy, usiguse shingo ya mtoto. Ile video ya kukunja shingo, ifute.

Tumetoka na mama kwa daktari wa mgongo sasa hivi, hapa Nakuru town. Si nikamwomba daktari anifundishe kukunja shingo, nikuwe nafanyia watoto nyumbani! Mamangu akasema, "Hapana." Halafu akatuambia kitu hajawahi kutuambia. Hakupandisha hata sauti.

1958, Kabazi, kwa shamba la mzungu. Mugure, yaani mamangu, alikuwa na miaka saba. Alianguka na debe la maji, shingo ikakauka upande. Wangare, mama yake, akampeleka kwa mzee Kosgei, yule wa kunyoosha mifupa. Kosgei akampaka mafuta, akamvuta mabega. Shingo akaiacha.

"Mama Mugure, mwili unajua kazi yake. Hii shingo ipe joto na siku. Usiiguse."

Lakini Wangare alikuwa ameangalia ile mikono, akaona ni kazi rahisi. Asubuhi akashika kichwa cha mtoto, akakizungusha. Shingo ikalia ko!

"Umepona," akamwambia.

Mugure hakulia. Wangare akafurahi sana, kwa sababu mtoto hakulia.

Hakulia, Zeddy.

Wangare akatoa kiazi kwa jivu la moto, akamwekea kwa mkono wa kushoto. Mugure akakishika. Akakishika tu, ngozi ikianza kuvimba, huku akimwangalia mama yake usoni.

"Maitu, hiki kiazi kimepoa?"