Gari nyeusi, rimu nyeusi, na msasa hadi ndani

Jumanne, saa saba mchana. Jua la kuchoma, wingu limekaa huko mbali ziwani kama halituhusu.

Rimu ya tatu iko mapajani kwangu, msasa ninao mkononi, ila sisugui. Mkono umegoma. Mzee Kulwa, mwenye gereji, kaenda kula, na akienda kula huwa anakaa. Ngoja niandike hapahapa kwenye simu, maana kuongea siwezi. Majina yote nimebadilisha.

Mnaopita humu kwenye ukurasa wangu mnajua kazi yangu. Napaka rangi rimu za magari hapa Mkuyuni. Shule niliishia darasa la tano, ila rangi nazijua.

Na mtu anayechagua rangi namjua pia. Anarudi nyuma hatua kadhaa, anainamisha kichwa, anazunguka upande wa pili, anampigia mkewe simu ya video. Wenye gari nyeusi ndio wanateseka zaidi, maana nyeusi inakubali kila kitu. Silva inapendeza siku ya kwanza, vumbi la breki likishakaa basi. Nyeupe kwa barabara zetu ni kujitafutia kazi ya kufua. Nyeusi juu ya nyeusi, gari inakuwa kama haina miguu. Mimi ukiniuliza, na huwa hamna anayeniuliza, gari nyeusi naivalisha shaba.

Hii ya leo asubuhi ilikuja imevaa shaba tayari. Gari nyeusi, imeoshwa, rimu za shaba. Ilipendeza mpaka nikasimama.

Mwenyewe ni jamaa mtu mzima kidogo, viatu safi. Sijawahi kumwona. Mzee Kulwa akamkimbilia kabla hajafungua mlango.

"Bosi wangu, gari nyeusi, rimu nyeusi. Inakuwa kitu kimoja, kama suti."

"Nyeusi, nyeusi. Saa kumi naifuata."

Hakurudi nyuma hata hatua moja. Hakuinamisha kichwa.

Alichagua rangi anaangalia barabarani.

Sijui nini kilinisukuma, nikafungua mdomo. "Lakini bosi, hii shaba mbona imekaa vizuri? Nairudishia tu mng'ao."

Mzee Kulwa akacheka mpaka akajishika kiuno. "Heee! Leo bubu kasema! Bosi, una bahati, huyu tangu mwaka huu uanze hajamaliza maneno kumi."

Jamaa hakucheka. Akasema mkewe haipendi shaba, akapanda bodaboda, huyo.

Nikainua gari kwa jeki, nikaanza kuchomoa magurudumu. Mzee Kulwa akaja nyuma yangu, akaongea taratibu, na yeye huwa haongei taratibu: "Msasa piga hadi ndani. Ndani kabisa, pande zote."

Ndani? Rimu ikishafungwa, ndani nani anapaona? Miaka mitatu niko hapa, hajawahi kuniambia nisugue ndani. Huwa ananigombeza nisimmalizie msasa wake.

Ya kwanza nikatoa tairi, nikasugua. Ya pili nikasugua. Ya tatu nikaifuta kwanza ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maana ilikuwa nyeusi ya uchafu wa breki.

Ikatoka mistari minne. Silva, kijivu, shaba, nyekundu.

Ni mkono wangu.

Mimi mteja akishindwa kuchagua, namchorea mistari ndani ya rimu moja, pasipoonekana, aje aone rangi ikiwa imekauka juani. Kwenye kikopo rangi inadanganya. Hamna fundi mwingine hapa anafanya hivyo. Mzee Kulwa mwenyewe alikuwa ananitania, "Unamchorea nani humo, mjusi?"

Na nyekundu nimeichora mara moja tu maishani. Ilikuwa mwaka jana, ya Sista Neema, nesi wa Sengerema. Gari yake ndogo, nyeupe. Alikuwa hajui achukue ipi, akacheka, akasema, "Hebu niwekee na nyekundu nijione kichaa." Nikamwekea. Akachukua shaba.

Wiki ile ile alilala kwa shangazi yake hapa Mkuyuni, kuna harusi. Asubuhi akakuta gari imekaa juu ya mawe. Rimu zote nne hamna.

Akaja hapa na kaka yake. Mimi mtu simwangalii usoni, ndivyo nilivyo, hata mama yangu simwangalii. Sista Neema akasema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye aliyezishika mwisho. Na siku ile nzima alikuwa ananikwepa macho." Nikapelekwa kwa mjumbe wa mtaa. Nikaapa. Hawakupata kitu, wakaniachia. Ila kuachiwa na kuaminiwa si kitu kimoja. Mpaka leo mama mmoja tunayepanga naye, akiniona naingia uani, anaanua kanga zake hata kama hazijakauka.

Mzee Kulwa siku ile alikuwepo. Aliwaambia nini? "Mimi nitajuaje, muulizeni kijana mwenyewe."

Leo nimekaa na hii rimu nafikiria. Nani mwingine alijua Sista Neema analala wapi? Alisema hapahapa gereji, tulikuwa watatu, mimi, yeye na mzee. Nani anajua nachora mistari ndani? Na kwa nini leo msasa uingie hadi ndani?

Inawezekana jamaa mwenye viatu safi kazinunua tu mahali, hajui lolote. Inawezekana mzee kanunuliwa soda tu ili kazi ifike hadi ndani, hajui lolote. Nimejaribu kuamini hivyo kama dakika tano.

Halafu kinachoniuma ni hiki. Kama mzee anajua, na kanipa mimi nisugue, basi ananiona mjinga. Au anataka mkono wangu na wenyewe uwemo.

Mbili nimeshazisugua. Hazina kitu cha kuonyesha tena. Ya nne bado iko kwenye gari, ila mistari iko kwenye hii.

Nilitaka kwenda kwa mjumbe. Ila mjumbe ni shemeji yake Mzee Kulwa, wanakula meza moja, hata sasa hivi nadhani wako pamoja. Nilitaka kumpigia Sista Neema, kanifungia namba toka siku ile. Picha nimepiga, lakini picha ya ndani ya rimu nani ataiamini kutoka kwangu?

Nimeitia kwenye gunia la simenti. Ni nzito lakini inabebeka. Gari nyeusi iko juu ya jeki, magurudumu hayajatimia, haiendi popote.

Mnajua naogopa nini? Mtu akinikuta barabarani nimebeba rimu kwenye gunia. Safari hii atakuwa kanikuta nayo kweli. Nimewaza hilo, nikataka niitoe niisugue yaishe, nirudi kwenye ukimya wangu.

Nimeshasugua mbili. Ya tatu siwezi.

Sista Neema alishasema hapahapa gereji, huwa anatoka zamu saa tisa na nusu. Tangu daraja la Busisi lianze kupitika hamna kusubiri kivuko, nikipata gari sasa hivi namuwahi getini hospitali. Nitaiweka chini mbele yake, upande wa ndani juu, nimwangalie usoni. Hilo la mwisho ndilo najifundisha hapa nilipokaa.

Naacha kuandika. Ile pikipiki inayokohoa ni ya Mzee Kulwa, iko hapo kona, na mimi gunia bado sijalitoa nje ya geti.