Mizizi Aliyochimba Mjomba Duri

Kijiji cha Sent, 12 Juni

Mpwa wangu Madlaina,

Hujambo huko Zurich? Mimi mzima, ila magoti yananisema nikipanda mlima. Nimekutumia picha kwenye simu. Mmea uko juu ya malisho, maua bado hayajafunguka. Nadhani ni jentiana, ule mmea mchungu wa milimani, nataka mizizi yake niiloweke kwenye mvinyo, dawa ya tumbo. Ila unajua kuna ule wa sumu unaofanana nayo. Waulize wenzako wa chama cha wapenda maua.

Mjomba wako, Duri

Zurich, 15 Juni

Shikamoo Mjomba,

Huku wazima. Umenichekesha. Umechimba jentiana tangu kabla sijazaliwa, leo unauliza watu wa mjini? Uzee huo! Picha ina ukungu, lakini Bwana Ruedi, anayesikilizwa kuliko wote chamani, amesema ni jentiana. Chimba tu.

Mpwa wako, Madlaina

Sent, 9 Julai

Mpwa wangu,

Natumai u mzima. Chupa ya kwanza nilimpelekea jirani Uorschla, tumbo lilikuwa likimsumbua. Tulikunywa pamoja, yeye zaidi. Akatapika, moyo ukaanza kupiga polepole, helikopta ikamchukua. Mmea ulikuwa ule wa sumu. Amerudi salama, ila nikigonga hafungui. Kijijini naitwa Duri Sumu.

Nilikuuliza kwa sababu macho yangu yamefifia. Niliona haya kusema. Usiwalaumu wenzako.

Mjomba wako

Zurich, 20 Julai

Shikamoo Mjomba,

Unaendeleaje? Na Bi Uorschla? Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena.

Ruedi hakusema vile mara moja. Alisema picha haioneshi vizuri, akauliza: majani yameota mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa zamu? Akasema usichimbe mpaka tujue. Nikajibu mawili mawili, bila kukuuliza. Nilikuwa nimewasimulia sana habari zako, sikutaka waone kwamba mjomba wangu wa mlimani hajui mmea wa kwao. Juzi niliikuza ile picha. Yameota moja moja, kama ya ule wa sumu.

Nimewaambia wote chamani. Hakuna aliyenikemea. Ruedi alisema tu, "Mjomba wako anajua?"

Tafadhali mwambie Bi Uorschla kwamba kosa ni langu.

Mpwa wako, Madlaina

Sent, 24 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Barua yako nimeisoma kwa kioo cha kukuzia. Uorschla sijamwambia, wala sitamwambia. Mimi watu wameshanicheka, nimezoea. Wa pili wa kuchekwa wa nini? Kaa huko hadi wasahau.

Mjomba wako

Zurich, 28 Julai

Shikamoo Mjomba,

Pole na macho. Hilo nilipaswa kukuandikia mwanzo kabisa.

Nimemwandikia Bi Uorschla kwa jina langu. Hajajibu. Jumamosi nakuja na basi la mchana, na nitaanzia kwake kabla ya kwako. Asipofungua, nitakaa kwenye benchi la mbele ya mlango wake, mahali kila mtu anapopita, waniulize mimi.

Ukinikuta pale, Mjomba, nisalimie upite. Usiketi nami.

Mpwa wako, Madlaina