Mkono wa Kulia wa Baba

Tuira, Oulu
11 Februari

Mpendwa Shangazi Lempi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Thunder Bay, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi sasa kimekuachia. Je, Irja bado anakuja kukuondolea theluji mlangoni? Mimi sijambo. Baridi ya hapa ni ile ile unayoijua. Mto umeganda, na njia zimekuwa kama kioo.

Sijakuandikia tangu mazishi ya Mama. Ningependa kusingizia kazi, lakini si kazi. Jioni hurudi nyumbani, nikapasha moto supu ya samaki ya jana, nikainywa nikiwa nimesimama dirishani, na siku ikaisha bila mtu wa kumwambia neno.

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipoanza kazi katika maabara ya mwendo, tunakopima jinsi wagonjwa wanavyotembea: mtu anapotembea mbele yetu, je, tunachokiona ni hali ya viungo vyake, au ni maisha aliyoyaishi? Kwa wagonjwa wengine niliweza kuliweka swali hilo kando. Sasa siwezi, kwa sababu mgonjwa ni kaka yako.

Mwezi uliopita daktari wa upasuaji, Sipola, alizitazama picha za nyonga ya kulia ya Baba. Gegedu limelika, lakini si sana. Wapo wenye picha kama hizo ambao bado huteleza na skii kila Jumapili. Tatizo ni kwamba Baba hutembea akiinamia kulia, na anayeinama hivyo mara nyingi huwa anakipunguzia mzigo kiungo kinachomuuma. Tena moyo wake si wa kuchezewa. Akibadilishiwa nyonga pasipo lazima, huenda tukampoteza bure. Asipobadilishiwa, na kumbe anaumia, atateseka kimya kimya kama kawaida yake. Ndiyo maana Sipola akamleta kwetu apimwe.

Haifai nimpime mzazi wangu mwenyewe, kwa hiyo kazi aliifanya mwenzangu Jouko, nami nikakaa kando. Baba alibaki na kaptura, akabandikwa vitufe vinavyong'aa ambavyo kamera huvifuata, kisha akaombwa atembee juu ya mizani zilizofichwa sakafuni.

"Miaka yote hiyo chuo kikuu," akaniambia, "kumbe ulikuwa unasomea kunifanya mti wa Krismasi!"

"Mti hautembei, mzee," Jouko akadakia. "Haya, rudia. Na ushushe mkono, unanifichia nyonga."

"Umeshuka."

Haukuwa umeshuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa, kiwiko kimeachana na ubavu, kiganja kiko tumboni, na kamera hazikuweza kukiona kitufe cha nyonga. Kila alipoambiwa aliushusha, na baada ya hatua chache ulikuwa umerudi pale pale. Jouko alianza kukereka. Mimi niliutambua mkono ule. Shangazi, hivyo ndivyo alivyokuwa akimpa Mama mkono kila barafu ilipotanda, yaani karibu nusu ya kila mwaka wa ndoa yao. Mama alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ndogo. Baba aliinama upande ule ili amsikie.

Nikaomba nitembee naye. Nilisimama kushoto kwake.

"Huko siko," akasema. "Njoo huku."

Nikahamia kulia, nikapitisha mkono wangu kwenye kiwiko chake.

"Inauma, Baba?"

"Haiumi. Wewe ndiye unayeburuta miguu."

Mimi na yeye tunakaribiana kwa urefu, hana haja ya kuniinamia. Alinyooka, na mizani zikaonyesha nyonga ile ikipokea mzigo wake wote bila kuukwepa. Nilimgeukia Jouko nikiwa karibu kulia kwa furaha. Akatikisa kichwa.

"Hivyo si vipimo, Terhi. Hayo ni matembezi."

Alisema kweli. Anayeshikwa mkono hatembei kama aliye peke yake, na mzee anayetembea na bintiye huenda akajikaza zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo ningeshikilia dhana yangu kwamba ni mazoea tu, kama nisingeingia chumba cha kuvalia na kumkuta amekwisha kufunga viatu. Kamba za kiatu cha kushoto zilifungwa katikati, kama za watu wote. Fundo la kiatu cha kulia lilikuwa limelala upande wa nje, karibu na kidole kidogo. Hufunga hivyo mtu ambaye nyonga yake imekataa kuzunguka. Nilimuuliza.

"Ndiyo fasheni ya sasa," akanijibu. "Ninyi wasomi mmepitwa."

Madaktari watakaa kuamua mapema mwezi Machi. Jouko ndiye atakayeeleza vipimo; mimi nimeomba nisitoe maoni. Ninachokuomba ni hiki: mlipokuwa watoto kule Kuusamo, mkienda shule pamoja, kabla hajamjua Mama, je, alitembea wima? Niandikie unavyokumbuka, hata kama ni kidogo.

Nakiri kwamba hata jibu lako halitanifikisha mwisho. Mwili mmoja unaweza kubeba maumivu na mazoea kwa wakati mmoja, na mizani zetu hupokea uzito bila kuuliza umetoka wapi. Aliyeujua mkono ule kuliko sisi sote hayupo tena wa kuulizwa. Nami si shahidi wa kutegemewa. Natamani mno kuinama kule kuwe kwa ajili ya Mama. Ikiwa ni ugonjwa, watautibu, naye atatembea wima, na pale ubavuni pake patakuwa patupu kweli.

Nisalimie Irja na watoto wake, na jirani yako Martta kama bado mnakunywa kahawa pamoja. Mungu akujalie afya, na akushike mkono penye utelezi. Nilimuuliza Baba nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie bado natembea."

Binti wa kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka,

Terhi