Akamwani kwenye Foleni ya Kura

Koku mwanangu,

Nimekaa hapa kibanjani, shambani kwetu, karibu na kaburi lako na la baba yako. Ningeweza kusema tu, unisikie. Lakini kila nikianza, maneno yananipotea. Kalamu angalau inayashika.

Uchaguzi wa kule kwenu Texas umekwisha. Mumeo Rafaeli ameshindwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hilo hata kabla ya salamu. Na mimi nilishatangaza! Kuanzia Kashozi hadi madukani Miembeni, nani hajui kwamba mkwe wangu ni Mmeksiko na anagombea udiwani Marekani? Sasa akina mama wa jumuiya wananiuliza, "Mama Koku, mheshimiwa anaapishwa lini?" Nacheka nao. Nikifika nyumbani, nalia. Silii udiwani. Nalilia vile ulivyotembea mlango hadi mlango na ugonjwa mwilini. Nimekuwa nikiogopa kwamba tulikuzika na kazi yako yote.

Wakumbuka uliponipigia simu umekata tamaa? Ulisema Walatino wa mtaa wenu, watu wa asili kama ya Rafaeli, ni wengi, ni raia kabisa, lakini ukiwagongea wanasema siasa zina wenyewe. Nikakuuliza, "Unaomba kura umesimama mlangoni? Kwani wewe karani wa sensa? Shauri halianzi watu hawajatafuna akamwani." Ulicheka mpaka ukakohoa. Lakini nilipokutumia hiyo akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, uliibeba. Yule bibi jirani yenu, Lupe, akaitwanga akaipika, akalalamika kwamba kahawa ya Afrika ina ladha ya majani! Ukamwonyesha namna ya kutafuna. Akakukaribisha ukae. Akakuambia hajawahi kupiga kura na hatapiga.

Jana Rafaeli alinipigia, na Kiswahili chake kile kile cha kuokoteza ulichomfundisha. Anasema foleni ya mtaa wenu ilizunguka shule, haijapata kuonekana. Ila wengi walimchagua mpinzani wake, Mlatino vilevile, mama mwenye duka anayetaka mpaka ufungwe, wahamiaji wasiingie. Nikakasirika. Nikamwambia, "Watu wa damu yako wanakunyimaje?" Akanikumbusha maneno yako: "Mama, hata Wahaya si wa kapu moja." Kweli. Hapa kwetu ndugu wa tumbo moja wanavaa kofia za vyama tofauti, na bado wanakula senene, panzi wetu watamu, kwenye sahani moja.

Halafu akaniambia habari za Lupe. Alikuja na mkongojo wake, Koku. Akasimama kwenye foleni, shavuni ana akamwani. Walipomuuliza anatafuna nini, akasema, "Nimetumwa na yule binti Mwafrika." Alimchagua nani, hakusema, na Rafaeli hakumuuliza.

Mwanangu. Umelala hapa, na bado unawatuma wazee wa watu kule Marekani! Nani mwingine ana mtoto kama wangu?

Rafaeli ataanza tena kugonga milango. Ameomba kahawa nyingine. Ule mti wa kahawa ulioinamia kaburi lako umezaa kuliko miaka yote, nami nilikuwa siugusi, niliona kama nakunyang'anya. Kesho nitauchuma, nichemshe, nianike juani. Nakuahidi, milango yako haitakosa kitu cha kutafuna maadamu mikono yangu inafanya kazi.

Pumzika, mwana wange. Kesho ukisikia matawi yanatikisika juu yako, usishtuke. Ni mimi, nachuma.

Mama yako